Tuachieni kijia cha kushukia pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina jambo la kijia. Ni chembamba, upana wake hauzidi hatua mbili, kinapita kati ya viwanja viwili kisha kinashuka kwenye mikoko mpaka ufukweni, hapa Tanga. Mwezi uliopita kimezibwa kwa ukuta wa matofali na geti la bati. Sitamtaja aliyekiziba wala mtaa kilipo, kwa kuwa sikuja gazetini kugombana na mtu. Nimekuja kueleza ni nani alikuwa akikipita kijia hicho na alikuwa akifuata nini.

Ni Baba yangu mzazi. Ni mtu wa Tongoni, kule kwenye magofu ya msikiti wa kale na mibuyu, na amevua samaki kwa zaidi ya miaka 40. Alianza utotoni, kazi yake kufua maji chomboni, akaja kuwa nahodha wa ngalawa yake mwenyewe na baadaye wa mashua. Kwa hesabu yetu ana miaka 76. Mama alifariki mwaka 2011, na Baba alipoanza kushindwa kukaa peke yake nikamleta kwangu Ngamiani, nikae naye mimi, mume wangu na mwanangu wa kiume ambaye sasa yuko darasa la tano.

Ugonjwa ulianza na mambo madogo. Alinunua mkate, akaenda tena kununua mkate, akarudi mara ya tatu na mkate. Akamuuliza mwanangu, "Bibi yako kaenda wapi tangu asubuhi?" Mtoto akaniangalia mimi. Wenye kuijua Ngamiani wanajua kwamba barabara zetu zinaitwa kwa namba, zimenyooka na zinafanana, duka la huku kama duka la kule. Siku moja alitoka kwenda kuswali adhuhuri, hatua mia mbili kutoka nyumbani, tukampata baada ya magharibi amekaa kwenye kibaraza cha watu, kanzu imelowa mkojo, viatu hana. Mtu aliyewahi kutoka nje ya miamba usiku akarudi kwa nyota, barabara ya namba ilimshinda.

Maneno yakawa mengi. Wako waliosema amerogwa kwa choyo cha mashua yake. Wako waliosema ni uzee tu, mzee amerudia utoto. Tulikwenda kwa mganga, nakiri, na mbuzi tulitoa. Mwisho tukafika hospitali. Daktari alimuuliza leo siku gani, akamwambia achore uso wa saa, akampa maneno matatu ayakumbuke baadaye. Baba alikumbuka adabu tu: alimshukuru daktari na kumwombea dua.

Tukaambiwa ni dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, ya aina ile inayoitwa Alzheimer, jina la daktari wa Kijerumani aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Nilielezwa hivi, na maelezo yale yamenifaa kuliko mengi: ndani ya ubongo kuna sehemu inayopokea mambo mapya, na hiyo ndiyo huanza kuharibika. Ni kama ghala lililoziba mlango. Mzigo mpya hauingii, lakini wa zamani bado umo ndani, na ule uliowekwa kwa mikono na miguu kwa miaka mingi ndio unaokaa sana kabla haujaanza kuoza nao. Dawa ya kuuponya haipo. Na tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hapa hapa Tanzania, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwakuta nao watu kama 6 katika kila 100 waliofika miaka 70 na kuendelea. Kwa hiyo katika kila mtaa wenye wazee yumo mmoja, amefungiwa ndani au anazungushwa kwa waganga.

Shauri la mwisho nililopewa siku ile lilikuwa fupi: "Mchungeni, asitoke nje." Nikanunua kufuli.

Nilifunga geti miezi mitano, Mhariri. Naandika hili nikijua wako wanaofanya hivyo leo kwa mapenzi yale yale niliyokuwa nayo mimi. Unafunga ili asigongwe na bodaboda, ili asianguke mtaroni, ili uweze kwenda kazini. Baba hakugongwa na bodaboda. Lakini miguu ilianza kumvimba kwa kukaa, chakula akakisukuma, mchana akasinzia kwenye kiti na usiku akatembea uani akijaribu kila mlango. Jua likianza kuteremka alikuwa hashikiki. Alilitingisha geti kwa mikono miwili na kumwita mtu mmoja kwa jina, na mtu huyo nikaja kujua ni baharia wake aliyekwisha kufa zamani. Mwanangu akaanza kumwogopa babu yake.

Usiku mmoja nilitoka uani kumwaga maji nikamkuta ametulia juu ya kibao cha mbuzi, uso kaelekeza juu. Mwezi ulikuwa mpevu. Akasema, wala si kwangu, "Bamvua hii. Kesho maji yanapwa saa nne. Wanawake watapata pweza."

Mchana wa siku ile aliniuliza mara saba kama ni Ijumaa, nayo ilikuwa Jumatatu. Nikasema nafsini mwangu, haya ni maneno tu. Asubuhi nikamtuma mtoto kwa muuza samaki wa jirani amuulize maji yanapwa saa ngapi. Jibu likaja: saa nne na kitu.

Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukipevuka tunapata bamvua: maji yanajaa sana, kwenye saa kumi, na yanapwa sana, kwenye saa nne, mpaka miamba ya mbali inakauka na mtu anatembea kwa miguu palipopita chombo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mvuvi hahitaji saa ya ukutani wala kalenda. Anautazama mwezi, mengine anayajua. Baba alikuwa amepoteza Jumatatu na Ijumaa, alikuwa amepoteza kifo cha mkewe, lakini mwezi alikuwa nao, nami nilikuwa nimemfungia mahali ambapo mwezi haumsaidii kitu.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alimwita dereva wa bajaji tunayemjua, tukaenda watatu, Baba, mimi na mwanangu. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Tulishukia penye kijia. Baba alivua makubazi bila kuambiwa, akakunja kanzu akaichomeka kiunoni, akaingia njiani mbele yetu. Mtu ambaye nyumbani humshika mkono kumpeleka chooni alitutangulia. Kwenye matope alikuwa hatazami chini. Alikanyaga kwa kisigino kwanza, akasikiliza kwa mguu, kisha akaweka uzito. Akageuka akamwambia mwanangu, "Pita huku, huko pana chaza, watakuchana."

Tulipofika kati ya miti akachuma jani la mchu, akampa mtoto, "Ramba." Mtoto akaramba akakunja uso: chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na chumvi huitoa majanini, ukiliangalia jani juani unaiona inametameta. Kisha akamwonyesha mkoko uliosimama juu ya mizizi yake kama buibui, na mkandaa, ambao zamani walichemsha gome lake na kulitia rangi nyavu na matanga yasioze. Mambo haya mimi binti yake sikuwa nayajua. Nilikulia nyumba moja naye lakini bahari ilikuwa ya wanaume, na wakati wa kumuuliza ulikuwapo nisiuone.

Huko nje kwenye mchanga walikuwapo akina mama wenye vijiti wakichokoa pweza. Mmoja alimwona anavyotembea akaita, "Shikamoo nahodha!" Hakuwa anamjua. Baba akainua mkono. "Marahaba mwanangu. Leo mna nini?" Wakazungumza. Akauliza kusi limeshaanza kuvuma, akaambiwa bado, akatazama juu akasema ndiyo, mawingu hayajakaa. Yangeyange walikuwa wanatembea kwenye vidimbwi. Tulikaa saa nzima na nusu. Hakumwita maiti hata mmoja.

Nisiwadanganye wenzangu. Tulipokuwa tunarudi ndani ya bajaji aliniuliza kwa upole, "Samahani mama, wewe ni wa nani?" Bahari haikumrudishia jina langu na haitamrudishia. Lakini siku ile alikula ugali na samaki akamaliza, na usiku alilala mpaka alfajiri, na nyumba nzima ikalala. Tukarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kutembea kulimpunguza uvimbe wa miguu. Yale ya jioni, ya kutingisha geti, hayakwisha, ila yakawa ya siku moja moja. Na mwanangu alipata babu. Hivi sasa ndiye anayenikumbusha mimi tarehe za mwezi.

Hatari zipo, na nimeziona kwa macho. Mara moja Baba aliingia maji ya kifuani akagoma kutoka, akidai mashua yake iko nje na yeye anasubiriwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Waliomtoa ni vijana wawili waliokuwa wanapanga nyavu. Hawakumvuta. Mmoja alimsogelea akasema, "Nahodha, chombo kimeshapandishwa, twende ukakione." Akatoka mwenyewe. Kijana yule amenifunza kitu ambacho hakuna aliyenifunza: mtu wa namna hii usimkatalie dunia aliyomo, ingia nayo kidogo kisha umgeuze taratibu.

Tangu siku ile tuna utaratibu wetu. Hatuendi chini ya watu wawili wazima. Tunafika maji yakiwa yanapwa na tunaanza kurudi kabla hayajageuka, kwa sababu bamvua hujaa haraka na mzee hawezi kukimbizwa. Tunabeba maji ya kunywa na kumkumbusha kila mara, kwani hata kiu anaisahau. Kofia ya ukindu haimtoki. Ndani ya kola ya kila shati lake nimeshona kitambaa chenye namba yangu ya simu. Siku za masika, au siku ya maji mafu ambapo hakuna cha kwenda kuona, namwekea fito uani chini ya mwarobaini. Mikono yake inasuka dema, mtego wa samaki. Halimaliziki, usiku nalifumua kidogo ili kesho apate pa kuendelea, naomba Mungu anisamehe kama ni hila.

Wala si bahari tu. Nyumba ya pili yetu yuko bibi wa Kisambaa aliyeletwa na wanawe kutoka Lushoto, naye ana ugonjwa huu huu. Huyo ukimpeleka pwani analia, anaogopa. Yake ni udongo. Binti yake amempa makopo sita ya rangi yaliyotobolewa chini, ameyajaza udongo wenye samadi, na bibi asubuhi yote yumo katika mchicha, anapalilia, anamwagilia palipokwisha kumwagiliwa. Miche mingine huing'oa akidhani ni magugu. Basi inapandwa mingine.

Sasa nirudi kwenye kijia. Mwezi uliopita tulishuka kwenye bajaji tukakuta ukuta. Mlinzi, kijana mwenye heshima zake, aliniambia, "Mama, hapa si njia tena." Nikamwambia kwa miaka watu wamepita hapa, akina mama wa pweza, watoto, wavuvi wenye dema kichwani. Akasema yeye ametumwa tu, na kweli ametumwa. Baba hakuelewa. Alipapasa bati kwa kiganja, juu mpaka chini, kama anatafuta komeo. Kisha akaanza kulitingisha kwa mikono miwili, vile vile alivyolitingisha geti langu ile miezi mitano. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mlinzi na mbele ya mwanangu.

Njia nyingine ya kufika ufukweni kutoka hapo ni mwendo wa nusu saa kupitia barabara ya magari. Mtu mzima mwenye akili zake atazunguka. Mzee wa miaka 76 asiyejua gari linatoka upande gani hawezi, na mwanamke mwenye ndoo ya pweza kichwani jua la saa sita hapaswi. Tumejaribu pwani nyingine mara mbili. Baba hapatambui, anauliza tunarudi lini. Kwa mgonjwa wa namna hii mahali si popote penye maji. Ni hapo miguu ilipozoea, penye kisiki kile na dimbwi lile.

Mimi si mwanasheria, lakini nimesomewa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukuta ninaousema umefika kwenye mikoko. Wenye mamlaka ya jiji wana tepu ya kupimia, nami ninawaomba wapime, siyo hapo tu bali pwani nzima, maana kila mwaka vijia hivi vinapungua. Mwenye kiwanja ana haki ya kiwanja chake. Lakini njia ya kushukia maji ilikuwapo kabla ya hati.

Na jambo hili nalisema kwa moyo wote: bahari hii ya Tanga kuelekea kusini ni hifadhi tangu mwaka 2009, kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani alikwisha kutoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu walinaswa kwenye majarife, nyavu kubwa za wavuvi. Baba aliwahi kumwona mmoja, na mpaka leo ukimtajia anaonyesha kwa mikono mapezi yale manene kama miguu. Nchi ilifanya vizuri kumtengea samaki yule maji yake. Naomba moyo huo huo uwafikie wazee waliovua bahari hiyo, ambao wao wanahitaji hatua mbili tu za ardhi.

Wauguzi na madaktari wetu, mnapotupa majibu ya ugonjwa huu, tafadhali msiishie kwenye "asitoke nje." Tuulizeni alikuwa na kazi gani. Mkulima, mvuvi, mchungaji, mkata mkonge, kila mmoja ana mahali pake ambapo miguu yake bado inapakumbuka. Tuambieni namna ya kumtoa kwa usalama. Mngenieleza hivyo siku ya kwanza, kufuli nisingelinunua.

Na vijana wa mtaani, mkimwona mzee anazunguka barabara moja mara ya tatu, msimcheke na msimuulize "umepotea?" Neno hilo linamtia hofu. Mwamkieni, muulizeni habari za kazi yake, kisha tembeeni naye pole pole huku mkiuliza nyumba. Angalieni kola.

Mwezi huu ukipevuka, maji yatapwa mnamo saa nne asubuhi. Baba atajua kabla yangu. Tutakwenda, yeye, mimi na mjukuu wake, tutasimama penye bati lile tungoje kama limefunguliwa. Hatuombi geti lote. Tunaomba upana wa kupita mtu mmoja na mwenziwe aliyemshika mkono.

Binti wa nahodha,
Ngamiani, Tanga